Turbo au Kujenga Injini Upya? Silinda ya 3 Imeshajibu Nusu ya Swali

SWALI: "Fundi, gari langu lina injini ya petroli ya silinda 4, lita 2.0, haina turbo. Kitabu kinasema inatoa kilowati 95 kwa mizunguko 5,600. Imeshatembea kilomita 240,000. Siku hizi gari limekuwa zito mlimani na linakula oili karibu lita moja kila kilomita 1,500. Nataka liwe na nguvu zaidi, hata asilimia 30 ikiwezekana. Fundi mmoja ananiambia nifunge turbo, injini nisiiguse. Mwingine anasema injini ifunguliwe ijengwe upya, turbo ni sumu. Nimepima kompresheni: silinda ya 1 psi 175, ya 2 psi 171, ya 3 psi 124, ya 4 psi 173. Nichague lipi?"

JIBU: Ndugu yangu, ahsante kwa kuleta namba. Wengi huniandikia neno moja tu, "gari halivuti," na hapo mtu anabaki kupiga ramli. Wewe umepima, na vipimo vyako vinasema mengi kuliko hao mafundi wawili.

Mafundi wako hawapingani kama unavyodhani, maana kila mmoja anajibu swali lake. Kuna nguvu uliyokuwa nayo ikapotea, na kuna nguvu ambayo gari hilo halijawahi kuwa nayo tangu litoke kiwandani. Kujenga injini upya hurudisha ile ya kwanza. Turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi na kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda, huleta ile ya pili. Ulipoandika kwamba gari limekuwa zito "siku hizi," ulikuwa unalalamikia ya kwanza. Ulipotaja asilimia 30 ulikuwa unaomba ya pili. Ukizichanganya utafunga kitu kipya juu ya ugonjwa wa zamani.

Tuanze na vipimo. Kwenye kompresheni, yaani shinikizo la hewa pistoni inapoibana, mimi sihangaiki sana na ukubwa wa namba, kwa sababu geji hutofautiana, na betri ikiwa dhaifu kila silinda itasoma chini. Naangalia pengo kati ya silinda na silinda. Tatu zako zimeachana psi 4 tu, hao ni ndugu wa tumbo moja. Ya 3 iko chini ya ya 1 kwa asilimia 29. Mafundi wengi hukubali tofauti ya asilimia 10, wavumilivu hufika 15. Yako imevuka mipaka yote miwili. Injini ya namna hiyo inafanya kazi na silinda tatu na nusu, na huo uzito wa mlimani umetoka humo kwa sehemu kubwa.

Sasa rudia kipimo kwa silinda ya 3. Injini iwe moto, plagi zote nne zitolewe, umeme wa plagi na wa nozeli za petroli ukatwe. Mwenzako akanyage mafuta mpaka mwisho ili hewa iingie bila kizuizi, kisha mpige starta mpaka mshale wa geji usipande tena. Andika namba. Halafu mimina kijiko kimoja cha chakula cha oili kupitia tundu la plagi, zungusha kidogo isambae, pima tena. Oili hiyo inaziba kwa muda mwanya wa ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, lakini haiwezi kuziba valvu. Namba ikiruka, tuseme kutoka 124 hadi 160, hewa inavuja kupitia ringi au ukuta wa silinda. Ikibaki palepale, tatizo liko juu, na mara nyingi ni valvu iliyoungua au isiyokaa sawa. Gasketi ya hedi, yaani ya kichwa cha injini chenye valvu, siishuku sana. Ikipasuka kati ya silinda mbili, majirani wawili hushuka pamoja, na majirani wa ya 3 kwako ni wazima.

Kipimo hicho cha dakika kumi kinaweza kukuepusha na kazi ya wiki mbili. Tatizo likiwa valvu, hedi peke yake inashushwa, inasagwa, inarudi, na chini hakuguswi. Likiwa ringi, injini yote inatoka. Kama fundi ana kompresa ya upepo, mwambie aingize hewa kwenye silinda hiyo pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zote zimefungwa, halafu asikilize. Upepo ukisikika kwenye ekzosi, ni valvu ya kutoa moshi. Ukisikika kwenye njia ya hewa, ni valvu ya kuingiza. Ukivuma kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi. Hapo sikio linatosha.

Oili inayoliwa na injini yako inanielekeza zaidi kwenye ringi, lakini nisikuhukumie kwa mbali. Angalia moshi wa bluu unatoka lini. Ukitoka unapokanyaga mafuta na kupanda, ringi zimechoka. Ukitoka asubuhi unapowasha, au unapokanyaga tena baada ya kushuka mteremko mrefu umeachia mafuta, sili za valvu zimekauka. Na kuna jambo watu husahau: injini iliyokula oili muda mrefu huziba kichujio cha moshi kilichomo kwenye ekzosi. Funga geji ya vakyumu kwenye manifodi ya hewa, shikilia injini kwenye mizunguko 2,500. Mshale ukianza kushuka taratibu huku hujabadilisha kitu, moshi hauna pa kutokea. Nimeona injini ikishushwa bure kwa sababu hiyo. Angalia pia kama mkanda wa taimingi haujaruka jino moja, na kama breki haishiki gurudumu.

Sasa kwa nini nakukataza turbo juu ya injini hiyo ilivyo leo? Wengi hujibu "imechoka, haitahimili," kana kwamba chuma kimezeeka. Bloku halijazeeka, na kranki pengine ni nzima kabisa. Sababu ni nyingine.

Kwanza, oili inayoingia ndani ya silinda hushusha uwezo wa petroli kuvumilia joto na mgandamizo. Petroli yako inaweza kuwa ya oktani nzuri, lakini ikichanganyika na mvuke wa oili inakuwa kama umenunua ya daraja la chini. Matokeo yake ni noki: mchanganyiko uliobaki pembeni, ambao moto wa plagi haujaufikia, unalipuka wenyewe mara moja. Injini isiyo na turbo huvumilia noki ndogo kwa miaka. Injini yenye turbo haivumilii, kwa sababu hewa na mafuta yaliyomo ni mengi zaidi na kila pigo ni zito zaidi.

Pili, na hili watu wengi hawalijui, ringi zilizochoka hupitisha upepo mpaka chini kwenye sampu, lile bakuli la oili. Turbo inalainishwa na oili ya injini, na oili hiyo ikishapita kwenye beringi zake hurudi kwenye sampu kwa kuteremka tu, haisukumwi na pampu. Sampu ikijaa upepo, oili inakosa njia ya kushuka, inajaa ndani ya turbo na kuvujia kwenye ekzosi na kwenye njia ya hewa. Mwenye gari anaona moshi mzito, anasema "nimeuziwa turbo mbovu," anabadilisha, na ya pili inafanya vilevile. Turbo zilikuwa nzima zote mbili.

Hili silisemi kwa kusoma. Nilipokuwa kijana wa karakana nilifunga turbo kwenye gari langu mwenyewe, nikijua fika kwamba linakula oili. Nilijiambia nitajenga injini baadaye. Wiki mbili nilikuwa mfalme: ule mluzi, ule msukumo mgongoni. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Wiki ya tatu nikapanda mlima gia ya nne, kanyagio chini, nikasikia kama mtu anatikisa kopo lenye misumari. Sekunde tatu hivi. Nilipofika juu na kufungua boneti, kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimejirusha kutoka kwenye tundu lake na oili imetapakaa mpaka kwenye kioo. Tulipofungua, pistoni ya 2 ilikuwa imevunjika kipande kati ya ringi ya kwanza na ya pili, urefu wa kucha ya kidole gumba. Ukingo wa juu wa pistoni ulikuwa umejaa vijishimo vidogovidogo, kama ukuta uliopigwa na mchanga. Hiyo ndiyo sahihi ya noki. Bado ninayo ile pistoni, huwa nawaonyesha wanafunzi kabla ya kuwaruhusu kugusa westigeti, ile valvu inayodhibiti presha ya turbo.

Tuje upande wa pili, kwa fundi anayesema ujenge upya. Yuko sahihi kwamba injini ifunguliwe, ikiwa kipimo cha oili kitathibitisha ringi. Ila asikuahidi nguvu mpya. Ovaholi ya kawaida inakurudisha kwenye kilowati 95 za kitabu, basi. Watu hudhani silinda ikichongwa na kuwekwa pistoni kubwa, injini inakuwa kubwa. Hebu tupige hesabu. Chukua injini ya silinda 4 yenye upana wa milimita 86 na mwendo wa pistoni wa milimita 86, vipimo vilivyotumika kwenye Toyota 3S, Nissan SR20 na Honda K20. Ujazo wake ni cc 1,998. Ukiichonga na kuweka pistoni zilizozidi nusu milimita, inakuwa cc 2,021. Umeongeza cc 23, yaani kama asilimia 1. Mguu wako hautaijua tofauti hiyo. Nusu milimita ile ni ya kupata ukuta mpya ulionyooka, nguvu isiingizwe hapo.

Unaweza pia kujenga kwa lengo la kuongeza nguvu bila turbo: pistoni za kompresheni kubwa, kamshafti kali (shafti inayofungua valvu), hedi iliyofunguliwa njia zake, ekzosi nyingine. Kupandisha uwiano wa kompresheni, yaani hewa inabanwa mara ngapi ndani ya silinda, kutoka 9.5:1 hadi 11:1 kunakupa asilimia 3 hadi 5. Kamshafti kali huongeza juu na kuiba chini. Kwa gari la mashindano hiyo si shida, kwa gari la kwenda kazini utaichukia kwenye foleni.

Na hapa nataka tutulie kidogo, kwa sababu ndipo uamuzi wenyewe ulipo. Nguvu ni msokoto, yaani uwezo wa kuzungusha, mara kasi. Kilowati hupatikana kwa kuzidisha msokoto, kwa Nm, na mizunguko kwa dakika, kisha kugawa kwa 9,549. Kilowati 95 kwa mizunguko 5,600 maana yake pale injini yako inatoa Nm 162. Unataka asilimia 30 zaidi, yaani karibu kilowati 123, au farasi 165. Njia ni mbili tu. Ama ubaki na Nm 162 uleule na injini izunguke mpaka 7,280, ama ubaki kwenye 5,600 na msokoto upande mpaka Nm 210.

Njia ya kwanza ndiyo ya injini isiyo na turbo, na wengi huiona ya heshima na salama. Lakini pistoni inapofika juu inasimama na kugeuzwa, na nguvu inayovuta konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) na bolti zake wakati huo huongezeka kwa kipeo cha pili cha mizunguko. Mizunguko ikizidi kwa asilimia 30, mvuto ule unazidi kwa asilimia 69. Hapo unahitaji bolti nyingine, springi nyingine za valvu, pengine konrodi nyingine. Njia ya pili, ya turbo, mizunguko haibadiliki, kwa hiyo mvuto ule unabaki ulivyo. Kinachoongezeka ni msukumo wa kushuka chini, ambao konrodi inaubeba vizuri zaidi kuliko kuvutwa. Kwa asilimia 30, kwa gari la barabarani, turbo ya upole haiionei injini isiyo na ugonjwa kama konrodi zinavyoonewa na mizunguko mikubwa. Mwambie hivyo fundi anayeiita sumu.

Je, turbo ya upole ni ipi? Tuseme psi 6 juu ya hewa ya kawaida, yaani shinikizo mara 1.4. Usidhani umepata hewa mara 1.4. Hewa ikibanwa inapata joto, na hewa ya moto ni nyepesi. Ikiingia na nyuzi 27, itatoka kwenye kompresa ya turbo na karibu nyuzi 70. Ukiipeleka hivyohivyo kwenye silinda, hewa imeongezeka kwa asilimia 22 tu. Ukiipitisha kwanza kwenye intakula, ile rejeta ya kupoza hewa, ikashuka hadi nyuzi 45, umepata asilimia 32. Geji inasoma psi 6 ileile, lakini moja imekufikisha unakotaka na nyingine haijafika, tena hiyo isiyofika ndiyo inayoleta noki zaidi kwa sababu ni ya moto. Kwa hiyo anayekuambia "psi 6 ni ndogo, intakula si lazima," msikilize kwa adabu kisha ufunge intakula. Ukiishi sehemu za juu, turbo ina faida nyingine: injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000, turbo hufidia sehemu kubwa ya hasara hiyo.

Viwanda havikuwa vinatupa turbo juu ya injini ya kawaida na kuondoka. SR20DET, ile SR20 ya turbo, ilitoka na kompresheni ya 8.5:1, na 3S-GTE, ile 3S ya turbo, kutegemea toleo, ilikaa kati ya 8.5:1 na 9.0:1. Zote mbili zilipewa vijibomba vya kurusha oili chini ya pistoni ili kuzipoza. Joto ndilo walilokuwa wakipambana nalo. Marekani mwaka 1962 Oldsmobile Jetfire ilitoka na turbo juu ya kompresheni ya 10.25:1. Ili kuzuia noki walirushia ndani mchanganyiko wa maji na methanoli kutoka kwenye tangi dogo, ambalo mwenye gari alitakiwa alijaze mwenyewe. Wenye magari walisahau kujaza. Magari mengi yaliishia kung'olewa turbo na kufungwa kabureta ya kawaida. Mimi huikumbuka hadithi hiyo kila mteja anapoapa kwamba atakuwa anaweka petroli ya oktani ya juu siku zote.

Kama injini yako ina 9.5:1, psi 6 na intakula inawezekana, kwa taimingi ya plagi (wakati wa kupiga cheche) iliyorudishwa nyuma kidogo na mafuta ya kutosha. Kama ni 11:1, sitakushauri.

Na sasa jambo linalounganisha kazi zote mbili. Ikithibitika ni ringi na ukafungua injini, amua kuhusu turbo kabla hujaagiza pistoni, hata kama turbo yenyewe utaifunga mwakani. Ringi ya pistoni ina mwanya mdogo pale ncha zake mbili zinapokutana. Ikipata joto inarefuka na mwanya unapungua. Kwa silinda ya milimita 86 isiyo na turbo, mwanya wa ringi ya juu huwa karibu milimita 0.34. Kwa turbo unataka 0.43 mpaka 0.50. Fundi akifunga kwa kipimo cha kawaida, halafu mwaka kesho ukaongeza joto la turbo, ncha zinagusana, ringi haina pa kwenda, inakwama ukutani na kuvunja pistoni. Pistoni nyingi zinazosemwa "turbo imeziua" ziliuawa na sehemu ya kumi ya milimita. Kuchonga ncha za ringi kwa faili maalumu ni kazi ya dakika chache kila silinda. Kurudi kuifanya baada ya injini kufungwa ni kushusha injini upya.

Katika ufunguzi huohuo simamia vitu vichache kwa macho yako. Silinda ipimwe juu, kati na chini, kisha kwa kuvuka, kwa sababu huchakaa kama yai na si kama duara. Kranki ipimwe, na ikikerezwa beringi ziendane. Nafasi ya oili kati ya beringi na kranki kwa kawaida iko kati ya milimita 0.03 na 0.05, nyembamba kuliko unywele, kwa hiyo "nimeisikia kwa kidole iko sawa" siyo kipimo. Pampu ya oili usiirudishe ya zamani bila kuipima, maana turbo itakunywa kutoka pampu hiyohiyo, na shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando wa oili.

Kuhusu turbo yenyewe, boksi unaloliona linauzwa huwa na turbo, manifodi na mabomba. Kinachofanya kazi ifaulu mara nyingi hakimo. Nozeli za petroli lazima ziweze kutoa karibu cc 300 kwa dakika kila moja kwa farasi 165, na pampu ya tangini iweze kuzilisha. Kompyuta ya injini lazima ipangwe upya, na mpangaji awe na kipimo cha mchanganyiko kwenye ekzosi. Petroli huungua sawa kwa hewa 14.7 kwa mafuta 1, lakini chini ya presha ya turbo unataka 11.5 mpaka 12 ili mafuta ya ziada yapoze. Bomba la kurudisha oili liwe pana kama kidole gumba, literemke bila kona, liingie sampuni juu ya usawa wa oili. Klachi ya kiwandani itateleza, kwa sababu turbo humwaga msokoto katikati ya mizunguko na si juu peke yake. Na breki, kwa jina la Mungu, uziangalie. Nikimkuta mtu ametumia fedha yote kwenye turbo na hakubakiza ya kupangisha kompyuta, namwambia aiweke turbo kabatini mpaka apate.

Basi, kwako wewe. Mwezi huu usinunue turbo. Fanya kipimo cha oili kwa silinda ya 3. Ikiwa ni valvu, tengeneza hedi pamoja na sili zake, endesha mwezi mzima, kisha uone kama bado unataka nguvu au ulikuwa unaililia silinda iliyopotea. Wateja wangu wengi huishia hapo na hawarudi tena kwenye habari za turbo. Ikiwa ni ringi, jenga injini kwa mwanya wa turbo, ubaki na kompresheni ya kiwandani kama ni 9.5:1 au chini yake. Asilimia 30 utaipata kwa psi 6 na intakula bila kubadilisha konrodi.

Ukibadilisha mawazo na kutaka asilimia 60 au 70, achana na yote niliyoandika juu. Tafuta injini ya ukoo huohuo iliyotoka kiwandani na turbo, ikiwa nzima, ihamishwe pamoja na kompyuta na nyaya zake. Itakuja na pistoni, vijibomba vya oili na kila kitu ambacho wewe ungekinunua kimoja kimoja. Hakikisha tu sheria za usajili na ukaguzi wa gari zinaruhusu kubadilisha injini kabla hujalipa.

Na ukijenga, turbo isiungwe siku injini inapowashwa. Ringi mpya zinahitaji kusagana na ukuta mpya, na hilo hufanyika kwa mwendo wa kupanda na kuachia, kupanda na kuachia, si kwa kuiacha injini ikinguruma imesimama nusu siku. Kilomita 1,000 za kwanza ziende hivyo, oili imwagwe, kichujio kikatwe kifunguliwe na uangalie kama kuna vumbi la chuma kwenye karatasi yake. Halafu pima kompresheni tena, silinda zote nne, uandike namba kwenye mkanda wa karatasi na kuubandika ndani ya boneti. Zikiwa zimeachana kwa psi chache, anza kufunga manifodi.